Jini Lililoomba Mkate

Mama yangu alikuwa akilala ameketi. Tangu tukimbie Majunga, kule Madagaska, ambako watu wenye mapanga waliowawinda Wakomoro waliingia kwetu wakamuua kaka yangu, kila usiku aliegemea ukuta, macho mlangoni, mpaka kuche. Miaka ikapita hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani Wamalagasi wote hulala kama popo, ila wao kichwa juu.

Moroni, Komoro kwao Baba, haikumsaidia. Kwetu nyumba ni ya mke: wazazi wake humjengea, mume huhamia. Mama, Mmalagasi, hakuwa na wazazi kisiwani, kwa hiyo tulipanga chumba mtaa wa Magoudjou, na Baba alichekwa kwa hilo. Wazungu mamluki wa rais walipopita na magari yao usiku, Mama alizidi kukodoa macho. Alikuwa Mkristo, na Baba, Mwislamu, hakuingilia imani yake. Lakini tangu siku ya mapanga hakuwa amesali hata neno moja. Mimi nilikwenda chuoni kusoma Kurani kama wenzangu, nikirudi namkuta mtu aliyemnunia Mungu.

Shangazi yangu wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, alikuwa na jibu. "Wifi ana jini." Visiwani kwetu kuna majini ya Kimalagasi, yakimpanda mtu humfanya aseme Kimalagasi. Usingizi ukimpitia, Mama alisema Kimalagasi. Kwa Shangazi, kesi ilikwisha.

Likizo ya shule tukapanda ndege, tukashuka Ouani, kiwanja cha karibu na kwake. Alasiri yake uani kwa Shangazi kulikuwa na wanawake, ngoma, ubani, na chupa ya ramu ya jini, iliyofunikwa kanga kwa sababu jirani alikuwa mwalimu wa dini. Mimi nilikuwa mkalimani.

Ngoma zikalia. Mama alikaa tu, amechoka, kama anayesubiri zamu hospitalini. Kisha akafumba macho, akaanza kusema polepole, Kimalagasi kitupu. Vigelegele!

"Limepanda! We mtoto, linasema nini?"

Maneno yale niliyajua, Mama alinifundisha Majunga. "Linamsalimia Baba aliye mbinguni."

"Lina adabu," alisema mpiga ngoma.

"Sasa linaomba mkate."

Shangazi aliishusha chupa. "Mkate tu? La mwaka jana lilidai fahali mweusi!"

"Mkate wa leo, Shangazi. Wa jana halitaki."

Mtu akatumwa dukani mbio. Wakati huo Mama alifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, akanyamaza. Akarudi mwanzo. Akafika palepale, akanyamaza tena. Ngoma zilikufa mojamoja.

"Limekwama?" Shangazi alininong'oneza. "Mbona hutafsiri?"

Vichekesho vilikuwepo mdomoni, vimejipanga. Vikakataa kutoka.

"Si jini, Shangazi. Anasali. Hapo anatakiwa awasamehe waliomuua kaka, na hawezi."

Nilitegemea Shangazi aone haya, au atukane. Alijikongoja akaketi mkekani karibu na Mama, akamshika mkono.

"Mwambie wifi asiharakishe. Hatuna pa kwenda."

Nikamwambia. Mama akalia, kilio kikubwa cha makamasi, ambacho sikuwahi kukisikia hata Majunga. Alipomaliza akasema neno lile la kusamehe, kwa sauti ya mtu anayebeba gunia ngazini. Kisha akaisali sala mpaka mwisho bila kusimama.

Mkate ukaja, ungali moto. Mama aliumega, akamgawia kila mmoja kabla ya kula kipande chake. Halafu akajinyoosha palepale mkekani, ubavu chini, miguu imenyooka, akalala.

Adhana ya magharibi haikumwamsha. Ya alfajiri pia. Shangazi alikuja mara kwa mara kumwekea kidole chini ya pua, akaenda akiwafukuza kuku wasipige kelele.

Alipoamka jua lilikuwa juu. Nilimuuliza kwa nini hakusali miaka yote ile.

"Nilikuwa namdai Mungu mwanangu. Jana nilimwachia."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Lakini hakuniacha peke yangu."

Alijipapasa shingo, akaigeuza kulia na kushoto kana kwamba ameazima ya mtu, akauliza kwa nini watu wazima uani wanatembea kwa ncha za vidole, na kama kuna kahawa.