Ng'ombe Niliyemkamua Mbele ya Kamera

Kwetu Minembwe, juu milimani, mwanamke hakamui ng'ombe. Ataosha vyombo vya maziwa, atayasukasuka mpaka siagi itoke, lakini kukamua ni kazi ya wanaume. Nilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nami nilikamua, kwenye televisheni, huku nacheka.

Lilikuwa shindano la warembo kule Kinshasa. Tulifungiwa nyumba moja, kamera mpaka jikoni, na kila wiki msichana mmoja anarudishwa kwao. Siku moja wakaniletea ng'ombe. Nikasema mimi sikamui. Msimamizi akajibu, "Basi kesho unarudi kwenu." Jamani, ningefanyaje? Nikachuchumaa na gauni la hariri. Chombo walichonipa kilikuwa kibuyu cha kusukia maziwa, si cha kukamulia! Hata hilo hawakulijua, wapumbavu wale.

Watu wakanipenda. Nikashinda, nikasaini mkataba wa miaka mitano wa kuonyesha mavazi, na picha ile ikawa mimi. Nimetembea majukwaa ya miji ambayo barabara zake sizijui, na kila mahali wanataka msichana wa ng'ombe. Nikiomba kuonyesha nguo bila ng'ombe, naambiwa nisome mkataba. Nimeusoma. Nauchukia.

Baba akatuma neno nisipande nyumbani. Mwaka huu nikapata likizo fupi, nikafika mpaka Baraka, mji wa chini ziwani, nikamwomba ashuke. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake: panda.

Siku saba nilimngoja, nimejifungia chumbani. Nikitoka, bamama wa sokoni wanapiga kelele, "Mama ya ng'ombe, kuja tupige picha!" Saluni ya jirani wamebandika uso wangu mlangoni. Kupanda siwezi, kutembea mjini siwezi. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Siku ya nane baba akafika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa kitini. Nikamletea maziwa. Hakuyagusa.

"Ile ng'ombe ilitoa maziwa?" akauliza.

"Ilitoa, baba. Kidogo."

"Ilikuogopa. Ulikaa upande mubaya. Ingekupiga teke."

Kumbe aliangalia! Tena aliangalia vizuri, mpaka akaona nilipochuchumaa. Nilitaka kucheka, nilitaka kumkumbatia. Akachukua kikombe, akanywa yote, akajifuta mdomo.

"Nikikuambia uache hiyo kazi, utaacha?"

Nilihesabu. Miaka mitatu ilikuwa bado imebaki. Nikivunja mkataba, picha zile wanabaki nazo, na mimi nabaki bila kazi.

"Siwezi, baba. Nilisha saini."

Akatikisa kichwa taratibu, bila kukasirika. Hasira ingekuwa afadhali.

"Na mi siwezi kukupandisha. Bazee balisha sema, na mi nilikuwa kati yao. Nilisema mbele yao wote: hutapanda."

Akanishika mkono kwa mkono wake mgumu. Halafu akavaa koti, akaniomba nimwitie pikipiki.

Nikatoka, nikamwitia.