Chupa Moja ya Petroli kwa Bi Kiu

Wajukuu zangu wana magari, na kila mmoja akinunua jipya, habari ya kwanza anayoniletea si rangi wala mwendo. Ni kwamba hili halinywi. "Babu, lile nimelitoa, nikaongeza kidogo, nikapewa hili. Hili halinywi mafuta kabisa." Mimi husema mashaallah, nikanyamaza. Nikifungua mdomo watachelewa makazini, maana habari yangu ya gari linalokunywa na gari lisilokunywa ni ndefu, na mimi nikisimulia hupitia kwingi. Leo nimekaa peke yangu na kalamu, wa kunikatiza hayupo.

Miaka ile ya vita nilikuwa dereva wa motokaa ya mjomba wangu, huku kwetu Likoni. Haikuwa motokaa ya kupiga nayo picha. Ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba, kubwa, ya Kimarekani, ikamchosha naye akaichosha. Mjomba alipoinunua tulimwita seremala, tukaukata mgongo wake, tukajenga nyuma kibanda cha mbao chenye mabenchi mawili yanayotazamana. Ukiitazama mbele ni motokaa. Ukiitazama nyuma ni banda la kuku. Wanawake waliokuwa wakiipanda waliiita Bi Kiu, kwa vile ilivyokuwa ikinywa petroli. Ukipanda nayo kilima kidogo tu unaisikia ikimeza.

Wanawake hao ndio waliokuwa wateja wangu. Walitoka Shika Adabu na mashamba ya huko nyuma, na mihogo, ndizi, kuku na mapakacha ya mboga, nikiwapeleka feri wavuke wakauze mjini. Kabla ya Bi Kiu walikuwa wakienda kwa miguu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Na mimi kabla ya Bi Kiu nilikuwa mkwezi wa minazi. Hapa lazima nieleze kidogo. Watu huuona mnazi kwa chini, wakasema ni mti mzuri. Juu kule kuna upepo ambao chini haupo, na kuna wale chungu wekundu tunaowaita maji moto, wakikuingia kwenye shuka huna mkono wa kuwatolea. Siku moja niliteleza, nikaanguka na shada zima la madafu. Mkono huu wa kushoto uliunga vibaya, mpaka leo umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Mjomba akanihurumia, akanifunza kuendesha. Ile kamba yangu ya kushushia madafu sikuitupa. Niliikunja, nikaitia chini ya kiti cha dereva, na kila nilipokaa naihisi. Mkwezi haamini upesi kwamba Mungu amemteremsha moja kwa moja.

Basi vita vikapamba moto, na petroli ikawa ya vyeti. Unapewa fungu lako la mwezi, likiisha umekwisha nawe. Malori ya askari yalipita usiku na mchana, hayo yakinywa bila kuulizwa. Bi Kiu alimaliza fungu lake mwezi haujafika katikati. Siku zilizobaki alisimama uani, kuku wakitagia chini yake, na wanawake wakarudi kutembea.

Mjomba alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, koti na saa ya mfukoni. Jioni moja alinijia nikiosha matairi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeiona motokaa mjini. Mwenye gereji yuko tayari kuichukua hii, nami nimwongeze kidogo."

"Ikoje?"

"Ndogo. Ukiipa chupa moja ya petroli inakwenda mpaka usahau kwamba uliipa."

"Inachukua watu wangapi?"

"Watu wa heshima watatu, na dereva."

"Na wa mihogo?"

"Wa mihogo wana miguu."

Nikamuuliza nani ataiendesha. Akatoa saa yake, akaitazama, na hakuwa na haja ya saa. "Ndogo kama ile naiweza mwenyewe," akasema. "Nawe minazi yetu haijakwewa vizuri tangu uliposhuka."

Niliendelea kuosha tairi lililokwisha kutakata.

Asubuhi yake niliwaambia wanawake. Miongoni mwao alikuwako bibi mmoja muuza mihogo, mrefu, tambuu haimtoki mdomoni. Huyo alimnyonyesha mjomba wangu alipokuwa mchanga, mama yake mzazi akiwa mgonjwa. Kwa hivyo alikuwa mama yake wa kunyonya, na mbele yake saa na koti havikuwa na kazi. Alikwenda moja kwa moja mpaka barazani kwa mjomba, wazee wenziwe wamejaa, nami nikamfuata kwa mbali.

"Mwanangu."

"Labeka, mama."

"Nasikia wamuuza Bi Kiu."

"Anakunywa sana, mama."

"Nawe ulikuwa ukinywa sana. Nilikuuza?"

Wazee wakageuza nyuso ukutani, mabega yakiwatikisika. Mjomba akaanza kueleza habari ya vyeti, na vita, na umbali ambao ile ndogo huenda. Bibi alimwacha amalize. Kisha akasema, hiyo ndogo na ije, kila moja ipewe chupa moja, zitoke Shika Adabu mpaka feri, watu waone wenyewe. Mjomba alifurahi, kwa sababu alijua hakuna njia ya Bi Kiu kushinda. Na alikuwa mcha Mungu, hasemi neno bila kulikabidhi kwa Mola wake. Akasimama, akatamka mbele ya watu wote: "Itakayofikisha mzigo mwingi zaidi feri, kwa njia yoyote atakayoijaalia Mwenyezi Mungu, hiyo ndiyo motokaa yangu."

"Sema tena," bibi akamwambia. Akasema tena.

Siku ikafika. Ile ndogo ililetwa na dereva wa mwenye gereji, amevaa viatu na soksi, na kweli ilikuwa nzuri, sitaidharau. Injini yake ilinong'ona. Matangi yote mawili yalikaushwa mbele ya watu, kila moja likatiwa chupa yake. Mjomba akafungua mlango wa mbele wa ile ndogo, akaketi kando ya dereva. Hilo hakuna aliyelifikiria, hata yeye. Nafasi moja imekwenda hapo hapo kwa kanzu na koti. Nyuma wakaingia wanawake wawili, pakacha moja kila mtu mapajani. Ikaondoka bila kukohoa. Nia yao ilikuwa iwashushe, irudi, ichukue wengine.

Sisi bado tulikuwa tunapakia. Bibi ndiye aliyepanga: mihogo mbele, kuku chini ya mabenchi, ndizi juu ya kibanda, wanawake wenye miili yao karibu na mlango wa nyuma. Nilidhani ni kwa ajili ya kusawazisha. Mwanamke mmoja mwenye mimba alitaka kupanda, bibi akamwambia, "Wewe mwanangu pumzika leo."

Tukaondoka. Niliendesha kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni. Kila mteremko nikazima injini, kila kilima nikaomba. Wanawake hawakuzungumza, na wanawake wale kunyamaza si jambo dogo. Tulikwenda vizuri, tukakwenda, mpaka feri ikawa haiko mbali lakini haionekani, Bi Kiu akakohoa. Akakohoa tena. Akasimama.

Wallahi niliiona minazi yote ya njia ile, mmoja mmoja, imenyooka inanisubiri. Nikaihisi ile kamba chini ya kiti.

Nyuma nikasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya bibi: "Shukeni. Wewe dereva usishuke, shika usukani."

Wakashuka wote, wakafunga leso viunoni, wakasukuma. Bi Kiu alikuwa mzito, na mihogo ndani, lakini wale walikuwa watu waliokuwa wakiubeba mzigo ule ule vichwani miaka yote. Magurudumu yakazunguka. Mmoja akaanza kuimba maneno aliyoyatunga papo hapo, eti mwana amekua hataki tena kunyonya, wengine wakaitikia. Lori la askari likatupita, askari wakapiga makofi na miluzi. Nami niko mbele, nimekaa kama bwana arusi, sina la kufanya ila kupinda kona.

Kona ya pili tukaikuta ile ndogo. Imesimama kando, imetuelekea sisi. Iliwashusha wale wawili feri, ikawa inarudi tupu kuchukua wengine, na petroli ikaishia hapo. Dereva alikuwa amefungua boneti anatazama injini, na injini haikuwa na kosa lolote. Mjomba alikuwa bado ameketi ndani.

"Imekuwaje, mwanangu?" bibi akamuuliza dirishani.

"Imekwisha, mama."

"Nilisikia hainywi."

"Inakunywa kidogo."

Yule dereva wa soksi akawasihi wanawake. "Mama zangu, tusukumeni na sisi mpaka feri."

Mmoja akachungulia viti vya nyuma. "Mna nini ndani?"

"Hamna kitu."

"Sasa tukusukume tukauze nini?"

Mjomba akashuka, amekasirika kidogo. Akasema kusukumwa si kwenda, motokaa iliyosukumwa haikufika kwa chupa yake. Bibi hakubishana naye. Alimwambia tu, "Sema tena maneno yako ya barazani." Mjomba akayasema, mwana wa watu, hakuwa mwongo. Alipofika penye njia yoyote atakayoijaalia Mwenyezi Mungu, akapunguza sauti.

"Haya mabega aliyaumba nani?" bibi akamuuliza.

Mjomba akayatazama yale mabega.

"Basi shika hapo, karibu na taa ya nyuma. Pana nafasi."

Nilimwona kwenye kioo. Alikuja kwanza dirishani kwangu, akatoa saa yake akanipa nimshikie. Akalivua koti, akalitia kitini kando yangu. Akaikusanya kanzu akaifunga kiunoni, na miguu ya mjomba wangu, ambayo sikuwahi kuiona mpaka magotini, nikaiona. Akashika karibu na taa, akasukuma.

Tulipofika penye mteremko wa feri Bi Kiu alianza kukimbia mwenyewe. Wanawake wakarukia ndani, wakamvuta mjomba kwa mikono miwili, kiatu chake kimoja kikabaki njiani. Nikapiga honi mpaka chini. Watu waliokuwa wakingoja kuvuka wakasimama kutazama banda la kuku likiteremka bila sauti ya injini, limejaa wanawake wanaoimba na mwanamume mmoja anayecheka. Maana alikuwa anacheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa: akishindwa hucheka kuliko aliyemshinda.

Tukapakua. Mihogo peke yake ilikuwa rundo la kuzuia njia. Kando yake wale wanawake wawili wa ile ndogo walikuwa wamekaa na mapakacha yao mawili. Hakuna aliyehitaji kuhesabu.

Wajukuu, mkisoma haya msije mkasema babu anapenda gari linalokunywa. Ile ndogo ilikwenda mbali kuliko yetu kwa chupa ile ile, na wala sikatai. Ningekuwa karani wa kwenda na kurudi na mwavuli wangu, ningeichukua siku ile ile. Lakini mkiniuliza kama mbadilishe, nami nitawauliza linabeba nini, na siku likizima nani aliyemo ndani atakayeshuka kusukuma.

Mjomba alinirudishia kiti changu bila hotuba. Alichukua saa yake, akatia mkono kwenye koti, akatoa vyeti alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya motokaa mpya, akanipa. "Mnyweshe," akasema. Nikavipeleka kwenye duka la petroli hapo feri, nikarudi na debe, nikamnywesha.

Yule dereva wa gereji akaja kwa miguu na chupa yake tupu kuomba. Mjomba akamwambia vyeti vile ni vya Bi Kiu, lakini kuvutwa atavutwa. Basi tukairudia ile ndogo pale ilipozimika, nikainama, nikaitoa ile kamba yangu chini ya kiti. Nikafunga ncha moja kwa Bi Kiu, nyingine kwa ile ndogo, tukaivuta mpaka kwenye feri, watu wakaisukuma ndani. Dereva akaanza kufungua fundo anirudishie.

"Nenda nayo tu," nikamwambia.

Ikavuka kwenda mjini na kamba yangu ikining'inia mbele yake, nami nikarudi Shika Adabu kuwachukua waliobaki.