Daftari Ambalo Sikulisoma

Vijana wanaoandika programu za kompyuta hunipigia simu kuniuliza wasome vitabu gani ili wasibaki pale walipo. Wengi wako Dar, wana intaneti mpaka chumbani, na bado wanataka orodha kutoka kwa mtu wa Masasi aliyejifunza kazi hii kwa vitabu vya mitumba. Huwa nawajibu kwa kifupi, mara nyingine kwa ukali, halafu najuta. Wao hawana kosa. Mimi ndiye ninayeliogopa swali, kwa sababu najua kusoma kwangu kulimfikisha wapi mtoto wa watu.

Nilisoma kweli, hilo nisinyimwe. Ilikuwa miaka ya soko huria, marobota ya nguo za Ulaya yalipoanza kufunguliwa sokoni kwetu, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na vitabu. Muuzaji hakujua ni vya nini. Alivipanga juu ya gunia pamoja na viatu vya upande mmoja. Mimi nilikuwa nimetoka Ndanda kujifunza ufundi wa umeme, kompyuta nilikuwa nimezigusa kwenye ofisi za watu, na hapo kwenye gunia nikapata vitabu vyangu vitatu.

Kimoja kilifundisha kuandika programu ambayo mwenzako ataisoma na kuielewa wewe usipokuwepo. Hicho nakipendekeza hata leo bila wasiwasi. Kingine hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo; kilieleza jinsi makosa yanavyojificha, kwamba programu inaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kulalamika na kumbe ni mbovu tangu siku ya kwanza. Nilikisoma kama hadithi, nikakipenda, na sikukielewa hata kidogo. Cha tatu ndicho kilichoniteka. Kilikuwa kinene, kilihusu utunzaji wa kumbukumbu za watu, na kilisisitiza kwamba mtu aandikwe mara moja, mahali pamoja, na zile kumbukumbu za zamani ziondolewe, maana zikiwa mbili hakuna atakayejua aamini ipi. Nilikirudia mara nne, kamusi mkononi, mpaka nikawa nabishana na baba yangu kwa maneno ya kitabu. Baba alikuwa mwalimu aliyepunguzwa kazini, na alichoka kunisikiliza.

Wakati huohuo zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena. Daktari mmoja mstaafu akafungua yake Newala, akanunua kompyuta iliyotumika na jenereta ndogo, akaniita nimtengenezee programu ya kutunza habari za wagonjwa. Nilipanda kule kwenye uwanda wa juu kwa lori lililokuwa likifuata korosho, kitabu kinene kikiwa kwapani. Nilijiona mtu mkubwa.

Pale zahanati alikuwepo muuguzi, mama wa makamo kutoka Kitangari, aliyekuwa akiandika habari za wagonjwa kwenye madaftari ya shule. Kila familia ilikuwa na ukurasa wake. Kurasa zilijaa mishale, na majina yaliyokatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili yaendelee kusomeka. Pembeni palikuwa na alama za wino mwekundu kwa watu wasiopatana na dawa fulani. Macho yangu yaliona uchafu mtupu.

Mishale ile ilikuwa na sababu. Kule mtoto akitoka unyagoni hutoka na jina jipya. La zamani linabaki hukohuko, na atakayemwita nalo amemtukana na anaweza kulipishwa kuku. Muuguzi alikuwa akichora mshale kutoka jina la utotoni kwenda jina la ukubwani, basi, kazi imekwisha. Na mimi sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nilitoka jandoni na jina jingine, na lile la kwanza hata mama yangu mzazi halitamki. Nilikuwa nalijua mwilini mwangu. Lakini kitabu changu kiliandikwa na mtu ambaye jina lake halikubadilika tangu kuzaliwa, nami nilipokuwa nakisoma nilijisahau nikawa yeye.

Tulikaa siku nyingi, muuguzi akinisomea, mimi nikiingiza. Tulipofika mwisho aliweka kidole juu ya ukurasa mmoja.

“Mwanangu, hii mishale utaiweka wapi?”

“Mashine haihitaji mishale, mama.”

Aliondoa kidole, akalifunga daftari. Nilimwonyesha daktari jinsi jina linavyotafutwa na mgonjwa anavyotokea kwenye kioo, akafurahi sana. Nikamshauri madaftari yaondolewe, kama nilivyosoma. Yakapewa mwenye kibanda cha jirani, akawa anafungia karanga. Kisha daktari akaona kwamba kwa kuwa kuna mashine, muuguzi hana haja ya kushinda pale kutwa. Akaambiwa aje asubuhi tu. Siku hiyo aliondoka bila kuniaga, nami nikasema moyoni kwamba wazee hawapendi mabadiliko.

Kwa miezi kadhaa kila kitu kilikwenda vizuri, na hilo sasa ndilo linalonitia baridi nikilikumbuka. Watu walikuja kuitazama mashine. Daktari alinisifia mpaka Masasi. Halafu mavuno yakaisha, ngoma zikaanza kusikika upande huu na ule, na ukungu wa Newala ukawa unakaa mpaka saa nne asubuhi. Siku moja nilikuwa pale kurekebisha jambo dogo, nikawaona dirishani wasichana waliotoka unyagoni wakipitishwa barabarani, kanga mpya, mafuta yanang'aa, mama zao wakiimba mbele na nyuma. Nilisimama kuwatazama. Walikuwa wengi, kila mmoja na jina ambalo programu yangu haijawahi kulisikia, nami nilichowaza ni kwamba wamependeza.

Wiki iliyofuata, nikiwa bado palepale, mchana mama mmoja alimleta binti yake. Alikuwa amekanyaga kisiki, mguu umetunga usaha, homa ilikuwa kali. Muuguzi alikwisha kwenda kwao na karani wa mapokezi alikuwa amekwenda kula, kwa hiyo nikakaa mimi kwenye kiti. Binti alinisalimia shikamoo, nikamwitikia. Nikauliza jina. Mama akalitaja, na binti, pamoja na homa yake, akatabasamu kidogo, kwa kuwa alikuwa bado analifurahia. Nikaliandika. Mashine ikasema hayupo.

Sikumwuliza mama kama wamewahi kutibiwa pale. Sioni namna ya kulipamba jambo hili: sikuuliza kwa sababu mashine ilikuwa imeshanijibu. Nikamfungulia ukurasa mpya. Pale pa kuandika dawa zinazomdhuru, programu ikajaza yenyewe neno HAKUNA, kwa kuwa ndivyo nilivyoiamuru ifanye pasipokuwa na habari. Nilikuwa nimeona si vizuri kuacha nafasi tupu. Nikaitoa karatasi, nikampelekea daktari, akaisoma, akaagiza sindano ya penisilini. Mama alisimama mlangoni akinitazama mimi, kisha akaitazama karatasi, kisha akamshika mtoto mkono.

Uso ulianza kuvimba kabla hawajatoka chumbani. Daktari alifanya yote aliyoyajua, alimchoma dawa ya kuzuia uvimbe, alipiga kelele litafutwe gari la kumteremsha hospitali kubwa. Gari lilipopatikana halikuwa na kazi tena.

Jioni muuguzi aliitwa. Alikuja haraka, akamwangalia marehemu, akamfunika, halafu akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Aliinama akanong'ona sikioni jina la utotoni, kwa sauti ndogo ya mtu anayefanya jambo la aibu. Nikaliandika. Binti akatokea mara moja: kijiji chake, mama yake, na mstari nilioupiga kwa vidole vyangu mwenyewe, kwamba asichomwe penisilini, aliwahi kuvimba. Muuguzi aliusoma. Nilitamani anitukane, lakini alivua miwani akaenda kukaa na mama wa mtoto.

Kesho yake walizika. Baada ya watu kurudi kutoka makaburini muuguzi alinichukua kwenda kumpa mama pole. Alikuwa uani, nyuma ya jiko, amejitenga na wanawake wenzake kwa muda. Nilipiga magoti, nikasema poleni. Akaanza yeye.

“Nilitaka kumwambia daktari kwamba ile sindano iliwahi kumvimbisha. Nikakuona wewe unaangalia kwenye mashine. Nikasema, wameshaona. Nikanyamaza.”

Nikamwambia, “Alikuwemo, mama. Nilimtafuta kwa jina jipya tu. Ni kosa langu.”

Upande wa mbele wanaume walikuwa wakisoma dua, na sauti ya baba wa mtoto ilisikika ikiitikia juu ya nyingine zote. Yule mama akaisikiliza, akavuta kanga mpaka usoni, akasogea karibu yangu.

“Usimwambie baba yake,” akasema. “Akijua kwamba nilikumbuka nikanyamaza, hataniweka tena nyumbani mwake.”

Nilikubali. Nilikubali upesi, kabla hata hajamaliza kusema, na nikainuka pale nikiwa nimepata nafuu, kwa kuwa siri yake ilifunika na kosa langu.