Kinyozi Aliyemwaga Oili Kwanza

Kinyozi wetu alinyoa kwanza, akauliza baadaye. Mteja alikuwa hajatulia kitini, mashine imeshapita katikati ya utosi, ndipo sauti ya upole iliposikika kutoka nyuma: "Ulikuwa unataka mtindo gani, kaka?" Baada ya mstari ule wa kwanza mtindo uliobaki ulikuwa mmoja tu, na huo aliujua vizuri. Ndiyo sababu mtaa wetu ulikuwa na wanaume wengi wenye vipara visivyohusiana na umri.

Ijumaa moja asubuhi alitumia utaratibu huohuo kwa gari la marehemu baba yake.

Lilikuwa gari dogo la zamani, mgongo umejikunja kama wa kobe, injini iko nyuma, na rejeta ya maji halina. Injini yake hupozwa na upepo, na joto linaloushinda upepo huachiwa oili. Kinyozi alijilaza chini yake, akafungua nati, oili nyeusi ikashuka yote kwenye beseni. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, akachukua brashi akaipaka kwenye nguzo za uzio, kuzuia mchwa. Akanawa, akaenda duka la spea. Muuzaji akamuuliza, "Nikupe oili gani?" Kinyozi akatazama rafu ya makopo kutoka juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza maishani akajua wateja wake hujisikiaje.

Akarudi mikono mitupu.

Lingekuwa jambo dogo kama si Jumapili. Jumapili hiyo mama yake, Bi Mkubwa wa nyumba, alikuwa amekubali kwenda kumwona mdogo wake, yaani mama mdogo wa kinyozi, ambaye hakuwa amesemezana naye tangu baba yupo hai. Mara mbili huko nyuma alikuwa amekubali, akaghairi: mara ya kwanza kwa sababu ya mawingu, mara ya pili kwa sababu hakukuwa na mawingu. Safari hii alikuwa ameshapiga pasi gauni. Ila alitoa sharti moja.

"Nakwenda kusameheana naye," alisema, "lakini kwa gari la baba yenu. Mdogo wangu alisema mbele za watu kwamba gari lile haliwezi kumaliza mwaka. Nataka alione limesimama mlangoni kwake, linanguruma. Hapo ndipo nitamsamehe."

Kinyozi alijua kwamba injini ikinoki na kugoma njiani, mama yake atarudi nyumbani kwa miguu, atalikunja lile gauni, na hatalikunjua tena. Hakuwa na hakika na mambo mengi duniani, lakini hilo alikuwa na hakika nalo.

Akaitisha kikao cha familia. Katika ukoo ule, jambo halikuwa limetokea mpaka likaliwe kikao. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa boza la maji, mtu ambaye riziki yake yote ilitoka kwenye maji na ambaye hakuwahi kuiamini injini isiyoyanywa. Mtaalamu mwalikwa alikuwa fundi wa mtaa. Bi Mkubwa alikaa pembeni akichambua mchele, akasema yeye hayumo.

"Agenda ya kwanza," alisema shemeji. "Maji yake yanawekwa wapi?"

"Shem, nimeshakwambia. Halina maji."

"Halina, au hamjapatafuta?"

"Mwenyekiti," fundi aliingilia, "hili linapozwa na upepo na oili. Sasa ukilitia hizi oili mpya, nyepesi kama chai ya hospitali, likishapata moto inakuwa maji kabisa, vyuma vinasagana."

"Umesikia?" shemeji alimwambia kinyozi. "Inakuwa maji. Kumbe yanahitajika."

"Na ukilitia nzito kama uji," fundi aliendelea, akijifanya hakusikia, "asubuhi haipandi juu mapema. Injini inazunguka kavu. Mwisho wake ni uleule."

"Kwa hiyo nitie ipi?" aliuliza kinyozi.

"Ileile iliyozoea. Injini ya umri huu huibadilishii chakula. Mzee alikuwa anatia ipi?"

Baba alikuwa akija na oili yake katika kopo la bati lililokwanguliwa lebo hadi likang'aa. Kopo lenyewe bado lilikuwepo. Bi Mkubwa alilitumia kupimia chakula cha kuku. Likaletwa, likazungushwa mikononi, likarudishwa. Kuku walifuatilia kwa karibu.

"Oili ya zamani iko wapi tuitazame?" aliuliza fundi.

Kinyozi akaonyesha uzio.

Kikao kikahamia kwenye uzio. Watu wazima watatu wakainama, kila mmoja akanusa nguzo yake, huku jirani wa upande wa pili akisitisha kuanika nguo.

"Mnatafuta nini?" aliuliza jirani.

"Oili ya gari," alijibu shemeji bila kugeuka.

Jirani akaingia ndani akafunga dirisha.

"Ilikuwa nzito kiasi," fundi alihitimisha. "Lakini pia nasikia harufu ya mbao."

Ndipo Bi Mkubwa, ambaye hakuwamo, akaweka ungo chini. "Aliyekuwa anamuuzia namjua."

"Nani, Mama?"

"Yule."

Katika nyumba ile kulikuwa na "yule" mmoja tu. Mama mdogo alikuwa na duka la spea upande wa pili wa mji, na ugomvi wote ulianzia kwenye oili yake. Gari lilizima siku moja wakienda msibani, Bi Mkubwa akasema mbele ya waombolezaji kwamba oili ya mdogo wake ni mbovu, mdogo wake akajibu mbele ya haohao kwamba oili ni nzima, mbovu ni dereva, na kwa dereva yule gari halimalizi mwaka. Baada ya hapo Bi Mkubwa alimpiga mumewe marufuku kukanyaga duka lile.

"Ina maana baba aliendelea kwenda?" aliuliza kinyozi.

"Mwanamume anarudi na kopo limekwanguliwa, ananuka duka la mdogo wangu, mimi nisijue? Nilimwacha. Alikuwa anajitahidi sana."

Mambo yakawa hivi: ili wafike kwa mama mdogo walihitaji oili, na aliyeijua oili ni mama mdogo. Shemeji alipendekeza kikao kiahirishwe. Kinyozi, kwa haraka ileile ya mashine utosini, alikuwa ameshapiga simu na kuiweka kwenye spika. Bi Mkubwa akashtuka, akasogea karibu, akaanza kunong'ona.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mnakuja Jumapili au amepata sababu nyingine?"

"Tunakuja. Nilikuwa nauliza tu... ile oili ya marehemu."

"Mwulize kwa nini gari lilizima," alinong'ona Bi Mkubwa.

"Na pia... kwa nini gari lilizima."

"Mwambie huyo anayekunong'oneza," sauti ilisema, "kwamba petroli iliisha. Marehemu alikuja kuniambia mwenyewe. Aliona haya kumwambia mkewe. Oili iliyomo sasa ikoje?"

"Nimeimwaga."

"Umeimwaga kabla ya kuwa na nyingine?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Ikasikika pumzi ndefu. "Msitie chochote. Mkiachwa wenyewe mtatia mafuta ya kupikia. Nakuja."

Simu ikakatika. Bi Mkubwa aliurudia mchele wake, akatupa kokoto kuku wakidhani ni chakula.

Jumapili asubuhi mama mdogo alifika kwa pikipiki, amekumbatia kopo la bati. Hili lilikuwa na lebo: namba arobaini, ya kawaida, isiyo na makeke. Hakumsalimia dada yake, wala dada yake hakumsalimia. Mmoja alikuwa kwenye gari, mwingine mlangoni na gauni lake lililonyooka. Mama mdogo akamimina mwenyewe, akivuta kile kijiti cha kupimia mara kwa mara, mpaka oili ilipogusa alama ya juu. Fundi alishika faneli. Shemeji alishika ndoo ya maji, endapo yatahitajika.

Kinyozi akawasha. Gari likakohoa, likanguruma.

"Haya," alisema mama mdogo akifuta mikono. "Tumeshaonana. Mimi narudi."

"Unarudi?" Bi Mkubwa alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Mimi nilikuwa nakuja kwako! Ingia garini."

"Niingie niende wapi?"

"Kwako. Nataka kufika."

Wakaenda. Dada wawili walikaa nyuma, juu ya ile ngurumo, kila mmoja akitazama dirisha lake. Kinyozi alikata kila kona kana kwamba amebeba mayai. Walipofika, Bi Mkubwa akaamuru mdogo wake ashuke, aingie ndani na afunge mlango. Akasubiri. Akashuka taratibu, akanyoosha gauni, akaenda akabisha.

"Hodi!"

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi, dada yako."

"Umekuja na nini?"

"Na gari la mume wangu. Hulisikii?"

"Nalisikia. Linatumia oili gani?"

Bi Mkubwa aligeuka akamtazama mwanawe, akalitazama gari, akaangalia juu, ambako hakukuwa na mawingu. Kinyozi alishika usukani kwa mikono miwili.

"Yako," alisema Bi Mkubwa.

Mlango ukafunguliwa. Kinyozi akazima injini, bila kumwuliza mtu.