Kreti Chini ya Meza ya Sabuni

Aliyenivuta kreti chini ya makalio alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja. Nimelisema hili msibani, nimelisema harusini, nimelisema mbele yake na nyuma yake, na kila nikilisema watu wananiambia, mama, achana nayo, hayo ya zamani. Ya zamani kwa nani? Njoo nikufunulie miguu uone mishipa ilivyojinyonga kama kamba ya kuanikia nguo, halafu uniambie ni ya zamani.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa kiwanda cha sabuni, meza ya kufunga. Sabuni inatoka kwa wakataji, wanaipitisha kwenye waya inakuwa vipande, inasukumwa kwetu, sisi tunaikunja kwenye karatasi, tunabana ncha, tunapanga kwenye boksi. Kutwa nzima hivyo, umesimama. Sakafu ya saruji, baridi, imelowa mafuta, na unga wa sabuni unakuingia puani mpaka ukienda kwako unapiga chafya usingizini.

Shemeji alikuwa mkataji. Mrefu, mdomo mtamu kama aliyelamba asali, waya uko mkononi na huku anatuimbia. Mdogo wangu aliolewa kwa vichekesho, nakwambia kweli. Siku amekuja nyumbani kuposa, mama yetu alicheka mpaka akasahau kumwuliza ana nini na kwao wapi.

Sasa kusimama kutwa hakuwezekani, na wanawake hawakosi ujanja. Kila mmoja alikuwa na kreti yake, imepinduliwa chini ya meza, juu imetandikwa gunia. Tunakaa kwa zamu, huyu anakaa, mwenzake anakunja za wawili, halafu wanabadilishana. Wa mwisho wa meza ndiye anayeangalia mlango. Akimwona nyapara anakuja, anapiga chafya, na kila mtu anasimama. Na ndani ya unga ule nani hapigi chafya? Nyapara angejua ipi ni ipi? Bingwa alikuwa mdogo wangu. Mwili wenyewe kiduchu, chafya ya dume zima. Nyapara siku moja akamwambia, "Mama, katibiwe pua hiyo." Mdogo wangu akamjibu, "Nitibiwe na nani, na zahanati yenyewe mnatupa dawa ya kichwa hata ukivunjika mguu?" Tulicheka mpaka tukaegemea meza.

Basi ukaja uchaguzi wa chama cha wafanyakazi, shemeji akawa katibu wa tawi. Tulimpa kura sisi wa mezani, tena kwa vigelegele, kwa sababu tulisema huyu ni wetu, anajua tunavyosimama. Kesho yake shati limechomekwa, kalamu mfukoni, na kutoka siku hiyo hata mkewe akawa anamwita Katibu.

Kabla hawajaenda kukaa na wakubwa kuzungumza mkataba mpya, alitukusanya uani, kila idara iseme inataka nini. Wakataji wakasema mshahara. Watu wa boila wakasema mabuti na glavu, maana magadi yale yanakula ngozi. Wengine posho ya nyumba, nauli ya likizo, kiinua mgongo. Ikafika zamu yetu, mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Sisi tunataka pa kukaa," akasema. "Viti. Kiinua mgongo mtatupa mgongo ukiwa bado unainuka."

Uani kote watu wakaangua kicheko. Shemeji naye akacheka, akasema, "Mmesikia? Nisipoleta viti, nyumbani leo silali." Akaandika. Nilimwona akiandika.

Wakaenda, wakarudi. Akapanda juu ya toroli, akatangaza. Mshahara umepanda, na kupanda kwenyewe si kwa kubabaisha. Posho ya nyumba ipo. Nauli ya likizo ipo, mabuti yapo. Watu wakambeba juu juu kama bwana harusi. Nikangoja kelele zipungue, nikauliza, "Na viti, shemeji?"

"Viti mkataba ujao, shemeji. Wakubwa wanasema mtu akikaa anasinzia."

"Basi na mkurugenzi asimame, tuone kama yeye atakuwa macho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na nikajua ameniweka rohoni.

Asubuhi yake tunaingia kazini, chini ya meza peupe. Hakuna kreti hata ya dawa. Tukaambiwa zimeingia kwenye boila, na kweli moshi siku ile ulinuka mbao na magunia. Na maboksi ya kujaza kwa siku yakaongezwa. Wenzangu walisema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inayojua kufuatana na nyongeza ya mshahara?

Nikamfuata nyumbani kwake jioni. Nimemkuta anakula, mdogo wangu amekaa pembeni kwenye mkeka, miguu kainyoosha, imevimba. Sikukaa.

"Katibu, kreti umeziuza wewe kwa hiyo nyongeza?"

"Shemeji, mimi nina habari gani na kreti? Mali ya kampuni, wamechukua wenyewe. Hela si umepata?"

"Hela nimepata. Nakuuliza kreti."

Akamgeukia mkewe. "Msikie dada yako. Watu wote wananishukuru, yeye anatafuta mchawi."

Hapo nilingoja mdogo wangu aseme neno. Yeye ndiye aliyeomba viti, yeye ndiye mwenye chafya, angeuliza tu, mume wangu, ilikuwaje? Aliinua macho akaniambia, "Dada, unamwonea mume wangu. Mume wangu hanidanganyi. Kama umekuja kutukana, mlango ule pale."

Basi nikatoka. Ndiyo siku niliyompoteza, na alikuwa bado hai, anasimama meza ileile na mimi. Nilihamia mwisho mwingine. Yeye anaangalia mlango wa huku, mimi ninaangalia mlango wa kule. Salamu yetu ikawa ya kutikisa kichwa tu. Mama yetu alipofariki tulipika jikoni moja, sufuria yake na yangu, na hakuna aliyemwambia mwenzake nipe chumvi.

Siwezi kusema zile hela hatukuzila. Tulizila. Mimi niliezeka bati, wanangu walisoma. Kila mkataba uliofuata Katibu alileta kitu, huu matibabu ya watoto, huu sare, na kila mkataba viti vikawa vya mkataba ujao. Watu walimpenda. Ukimsema vibaya unaonekana una kijicho na mdogo wako. Ila usiku nikijinyoosha, miguu inawaka, nilijua zile bati zimetoka wapi.

Mdogo wangu mguu ukachanika juu ya kifundo. Kidonda kikakataa kupona. Kilikuwa kinafunga, kinafunguka, kinafunga, kinafunguka. Habari nilikuwa nazipata kwa majirani, mimi niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Alistaafu kwa fimbo. Nilimwona kwa mbali akitoka getini na boksi la sabuni la kuagwa nalo, miguu akiihesabu kama mtu anayevuka matope. Nilitaka kumpokea lile boksi. Mumewe alikuwa naye. Nikapita njia nyingine.

Tukazeeka wote. Mwaka jana nikaitwa. Meza ya kufunga safari hii imetoa kiongozi wa tawi mwanamke, binti mmoja mkavu, hacheki ovyo, na katika mkataba wao amekazana mpaka viti vimetoka. Siku ya kuvikabidhi akasema wazee wa meza hii waitwe waone. Nikaenda. Nimekuta vimepangwa, virefu, vya chuma, vina pa kuegemea na pa kuwekea mguu. Nilikishika kimoja, nikakisukuma kuona kama kinayumba. Hakikuyumba.

Katibu alikuwepo na koti lake, kichwa cheupe. Mdogo wangu na fimbo yake, mguu umefungwa kitambaa. Na yule nyapara wa zamani naye kaletwa, masikio hayasikii vizuri, kwa hiyo kila kitu anakisema kwa kelele. Wakampa Katibu nafasi ya kusema.

"Wanangu," akaanza, mdomo bado ule ule, "viti hivi mnavyoviona nilianza kuvipigania mimi. Ndani ya chumba kile na wakubwa, niliwaambia, wake zetu wanasimama..."

"Katibu!" Nyapara huyo, mkono nyuma ya sikio. "Wewe si ndiye uliyeniletea amri nizitoe kreti? Nikakwambia bwana, hata mkeo anakalia, mimi siku zote nageuza uso. Ukasema toa zote."

Alidhani anamtania. Akacheka peke yake, halafu akaona hakuna anayecheka naye, akauliza, "Nimesema nini?"

Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, yalikuwa yamekaa mdomoni miaka yote ile. Mdogo wangu akaniwahi. Hakupaza sauti.

"Baba watoto, ni kweli?"

Katibu akaangalia vile viti. Akafungua kifungo cha koti, akakifunga.

"Wakubwa walisema kreti zikibaki, nyongeza haitoki. Waliziona. Walitaka meza iende mbio. Watu wote walikuwa wananingoja nje."

"Ulijua ninakalia?"

"Nilijua."

"Na dada alipokuja kuuliza?"

Katibu alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akataka kujishusha pale. Yule binti kiongozi akakivuta taratibu, akasema, "Samahani, mzee. Hivi ni vya meza."

Akabaki amesimama. Saruji ni ile ile, baridi yake ninaijua.

Mdogo wangu akaja mpaka mwisho wa meza, pale alipokuwa akiangalia mlango. Akapanda kwenye kiti, akauweka mguu wake wa kitambaa pale pa kuwekea, akaegemeza fimbo. Alikuwa analia bila kufuta. Halafu akapiga kiti cha pili kwa kiganja, kama alivyokuwa akipiga kreti zamu yangu ikifika.

"Dada," akasema, "njoo ukae."

Shemeji sijamsamehe, na asiletewe mtu kuniomba. Nilimpita pale alipokuwa amesimama, nikaenda, nikakaa.