Kezia Aliyesimamisha Magari Outering

Kezia Ayuma alizaliwa Umoja wakati nyumba za mtaa huo zilikuwa bado zinanuka rangi mpya, baba yake akiwa karani wa kaunsili. Enzi hizo Outering ilikuwa barabara nyembamba, lami yake imetafunwa kingo. Ilitoka Thika Road, ikateremka Kariobangi, ikapita Mutindwa na Umoja, ikakutana na Jogoo Road pale Donholm, kisha ikaenda zake kuelekea uwanja wa ndege. Ulimwita mwenzako wa ng'ambo akaitika bila wewe kupasua koo. Kando yake watu walijitafutia riziki: mafundi wa viti, wauza mbao, wakaanga samaki, na wenye vitalu vya miche.

Kitalu kimoja kilikuwa cha Ndindi, mwanamke wa Murang'a mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Willis, mumewe Kezia, alipofariki na kumwachia mtoto mchanga, Elsie, ndugu za marehemu walikuja wakabeba hata kitanda. Ndindi ndiye aliyemkuta analia kando ya barabara. Hakumuuliza mengi. Alisogeza mikebe ya miche, nafasi ikapatikana.

"Mama Elsie, weka jiko lako hapa. Wanunua maua pia hunywa chai."

Wakakaa hivyo miaka nenda miaka rudi, huyu na mandazi yake, yule na miche yake. Eve, binti wa Ndindi, alimbeba Elsie mgongoni kama mdogo wake wa damu.

Kisha ikaja habari ya kupanua barabara. Wapimaji walipita, na vibanda vikapakwa alama nyekundu. Wengi walisema ni vitisho tu, kwani alama kama hizo zilishawahi kupakwa zikafifia na mvua. Kezia hakungoja. Mkandarasi alikuwa anaandika vibarua, naye akapewa kazi ya kushika kibao: upande mwekundu magari yasimame, upande wa kijani yapite. Alirudi na koti lake linalong'aa akamwonyesha Ndindi. Ndindi alilitazama kidogo, akaendelea kumwagilia miche.

Asubuhi ya kubomoa, msimamizi alimpanga Kezia mahali ambapo hakupatarajia kabisa: mbele ya kitalu. Tingatinga lilikuwa ng'ambo ya barabara, likinguruma, likisubiri njia.

"Mathe, simamisha gari!" msimamizi alipiga kelele.

Kezia alimwona Ndindi akihamisha mikebe kwenye mkokoteni, miwili miwili, huku Eve akilia. Alimfikiria Elsie, aliyekuwa anaingia sekondari. Akakigeuza kibao upande mwekundu. Magari yakasimama. Tingatinga likavuka polepole, kana kwamba lina adabu, likaingia kwenye miche.

Jioni alienda kwa Ndindi. Alimkuta mlangoni, udongo bado uko kwenye kucha.

"Mama Eve, ningekataa mimi, wangemweka mwingine."

"Najua," Ndindi alisema. "Lakini hakuwa mwingine."

Hakumkaribisha ndani.

Ndindi alipata kipande cha ardhi ng'ambo, nyuma ya kituo cha petroli, akaanza upya. Barabara nayo ikazidi kutanuka. Magari yakapata njia nyingi, kila upande na mwendo wake, na ukuta wa zege katikati. Madaraja ya waendao kwa miguu yalikuwa bado nguzo tupu zisizo na ngazi. Watu walivuka hivyo hivyo, wakikunja sketi na kuparamia ukuta, na kila mtaa ukawa na msiba wake. Kezia sasa alipewa kazi ya kuvusha watu penye mwanya. Wanafunzi walimzoea. Ndindi hakupita hapo hata siku moja. Alishuka matatu mbali zaidi, akavukia huko na beseni lake la miche, macho mbele.

Siku moja, mchana, manyunyu yakianguka, Kezia alimwona akianza kuvuka, si mbali na mwanya. Alikuwa amezeeka. Alikuwa anaburuta mguu mmoja. Kezia alishindwa kujizuia.

"Mama Eve! Njoo huku nikuvushe!"

Na Ndindi, ambaye tangu siku ile ya mlangoni hakuwahi kugeuka, aligeuka. Alisimama katikati ya njia na beseni lake, akamtazama Kezia usoni. Huenda alitaka kusema kitu, huenda alitaka kwenda kwake. Lori lililokuwa linashuka kutoka Mutindwa lilifunga breki, lakini lami ilikuwa imelowa.

Kezia alifika akikimbia, akainua kibao, na magari yote yakasimama. Alisimama hapo mpaka mwili ulipochukuliwa. Mtu mmoja aliokota miche akaipanga kando ya barabara, kwa kukosa la kufanya.

Katika mazishi, huko Murang'a, Kezia alikaa nyuma karibu na lango. Wiki kadhaa baadaye Eve alimtembelea Umoja. Kezia alimwekea chai.

"Watu wanasema ulikuwepo," Eve alisema. "Wanasema alisimama ghafla. Kwa nini alisimama?"

Kezia angeweza kusema hajui. "Nilimwita," alijibu. "Nilitaka aje kwangu nimvushe. Ndipo akageuka."

Eve alishika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu. Chai ikapoa. Mwishowe alikiweka mezani, akajifunga leso yake vizuri, akatoka bila kuaga. Hajarudi. Wakikutana Soko la Burma kununua nyama, Eve hubadilisha bucha.

Madaraja yalikamilika, na kazi ya kibao ikaisha. Kezia akawa anafulia watu nguo Donholm, na kupanda zile ngazi kulimuumiza magoti. Elsie, ambaye ameolewa mtaa wa Pipeline, alimsihi ahamie kwake. Mwaka huu alikubali. Pikapu ilibeba kitanda, meza na jiko, naye akaketi mbele na dereva, kijana mchangamfu aliyependa mwendo. Wakaingia Outering, wakapita pale palipokuwa na kitalu, kisha Donholm na Taj, jengo ambalo lilishabomolewa likaacha jina lake kwa makanga wa matatu.

"Zamani hapa tungelala kwa jam," dereva alisema. "Siku hizi barabara ni poa sana, sivyo, mathe?"

"Ni nzuri," Kezia alisema.

Dereva akaongeza mwendo.