Nani Aanze Kula

Tangu Vumilia aanze kumtunza Bibi Hanneke kule Springfield, ughaibuni, bibi wa watu alizidi kukonda. Kila mchana supu ya viazi ilipoa mezani. Vumilia, mtoto wa Singida, hatii kijiko mdomoni kabla ya mkubwa wake. Bibi naye anamtazama tu.

"Bibi, kula basi! Wanao watanifukuza."

"Anza wewe. Nilipokuwa mdogo kwetu Uholanzi, wakati wa vita kuu ya pili, mama alitugawia chakula chote, akisema ameshashiba. Njaa ikamuua. Tangu hapo sili mpaka nimwone mwenzangu anatafuna."

Vumilia akashika kijiko. Kisha akachota viazi, akatafuna kwa kelele kama mtu asiyefunzwa adabu.

Bibi akacheka. "Taratibu, mwanangu, unibakizie!"

Akavuta bakuli lake, akala.